Mikutano na Warsha za Aljebra ya Mbadilishano: Mwongozo kwa Wahadhiri na Wanafunzi wa Hisabati

Kila mwaka, wanahisabati wanaojishughulisha na aljebra ya mbadilishano na fani zinazopakana nayo hukutana katika makongamano, warsha na shule za utafiti zinazofanyika Ulaya, Asia, Amerika na Afrika. Mingi ya mikutano hiyo hutangazwa miezi kadhaa kabla ya kufanyika, na baadhi huwalipia washiriki kutoka nchi zinazoendelea nauli, malazi na chakula. Hata hivyo, nafasi hizo mara nyingi huwapita wanaozistahili kwa sababu tangazo huwafikia baada ya tarehe ya mwisho ya kuomba, au kwa sababu maombi yameandikwa bila kuzingatia kile ambacho waandaaji wanakitafuta.

Kwa mhadhiri msaidizi au mwanafunzi wa uzamili katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki, jambo hili lina uzito wa pekee. Aljebra ni fani yenye watafiti wachache katika idara nyingi za hisabati za ukanda huu, na si ajabu mwanafunzi kumaliza utafiti wake akiwa na mtu mmoja tu wa kujadiliana naye, yaani msimamizi wake. Mkutano wa wiki moja unaweza kumkutanisha na watu hamsini wanaoshughulikia swali lilelile. Makala haya yanaeleza fani hiyo inahusu nini, mikutano yake ni ya aina gani, ipi ya kufuatilia, na hatua anazopaswa kuchukua anayetaka kushiriki.

Aljebra ya mbadilishano ni nini

Mwanafunzi wa shule ya msingi hujifunza kwamba tatu mara tano ni sawa na tano mara tatu. Kanuni hiyo, ambayo huruhusu namba mbili zinazozidishwa kubadilishana nafasi bila jibu kubadilika, ndiyo iliyoipa fani hii jina lake. Si kila kitu katika hisabati kinaitii. Anayezidisha matriki mbili, kwa mfano, hugundua mapema kwamba jibu linaweza kutofautiana kwa kutegemea ipi imetangulia.

Aljebra ya mbadilishano huchunguza mifumo ambamo mtu anaweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha, na ambamo kuzidisha kunatii kanuni hiyo. Mifumo hiyo huitwa ringi. Namba kamili ni ringi. Polinomia, yaani semi kama zile zenye x na y zinazofundishwa sekondari, nazo huunda ringi. Swali la msingi ni hili: je, tabia tunazozifahamu katika namba kamili zinabaki zilezile katika ringi nyingine?

Jibu ni kwamba nyingine hubaki na nyingine hutoweka. Katika namba kamili, 6 huvunjwa kuwa namba tasa kwa njia moja tu, yaani 2 mara 3. Lakini katika mfumo unaopatikana kwa kuongeza kipeuo cha pili cha hasi 5 kwenye namba kamili, 6 ni pia zao la jozi nyingine: 1 jumlisha kipeuo hicho, mara 1 toa kipeuo hicho. Njia mbili zimepatikana, na hakuna inayoweza kuvunjwa zaidi. Wanahisabati wa karne ya 19 walipokutana na kikwazo hiki, walibuni dhana ya ideali, ambayo ni fungu la wanamfumo linalofanya kazi badala ya namba mojamoja. Kwa kutumia ideali, upekee wa kuvunja uliopotea hurejea katika mifumo mingi ya namba. Dhana hiyo hadi leo ni moyo wa fani yenyewe.

Upande wa pili wa fani ni jiometri. Mlinganyo mmoja huchora mstari au duara. Milinganyo mingi ikiwekwa pamoja huchora maumbo yaliyo tata zaidi. Kila umbo la namna hiyo lina ringi yake, na anayeifahamu ringi huweza kujua umbo lina vipimo vingapi, lina ncha wapi na limeundwa na vipande vingapi. Ndiyo maana mikutano ya aljebra ya mbadilishano mara nyingi hutangazwa kwa jina linalounganisha fani hiyo na jiometri ya kialjebra, kombinatoriki au nadharia ya namba.

Chimbuko na waasisi

Neno aljebra lenyewe limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, lililomo katika jina la kitabu kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 9 na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Fani ya aljebra ya mbadilishano kwa sura yake ya sasa ilichipuka baadaye sana, nchini Ujerumani. Mwaka 1890, David Hilbert alithibitisha kwamba mfumo wowote wa milinganyo ya polinomia, hata ukiwa na milinganyo isiyo na idadi, unaweza kuwakilishwa na milinganyo michache yenye idadi maalumu.

Mwaka 1921, Emmy Noether alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba nguvu ya matokeo hayo yote hutegemea sharti moja rahisi: kwamba mnyororo wa ideali zinazopanuka ni lazima ufike mahali ukome. Ringi zinazotimiza sharti hilo leo huitwa kwa jina lake. Noether alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Göttingen, awali bila mshahara, kwa kuwa wakati huo wanawake hawakuruhusiwa kushika nafasi hizo. Mwaka 1933, utawala wa Wanazi ulimwondoa kazini kwa kuwa alikuwa Myahudi. Alihamia Marekani, akafundisha katika Chuo cha Bryn Mawr, jirani na mji wa Philadelphia, na kufariki dunia mwaka 1935.

Mwasisi mwingine anayestahili kukumbukwa, hasa na walimu, ni Mwingereza Francis Sowerby Macaulay. Kwa muda mrefu wa maisha yake alikuwa mwalimu wa sekondari jijini London, na sehemu ya utafiti wake aliifanya akiwa anafundisha. Kitabu chake cha mwaka 1916 kuhusu mifumo ya polinomia kiliweka misingi ambayo bado inatumika, na jina lake limepewa aina ya ringi zinazotajwa karibu katika kila mkutano wa fani hii, pamoja na programu ya kompyuta inayotumiwa na watafiti duniani kote.

Manufaa yake nje ya darasa

Fani hii huonekana ya kinadharia, lakini matunda yake yamo mikononi mwa wananchi. Mwaka 1960, Irving Reed na Gustave Solomon walibuni namna ya kuhifadhi ujumbe kwa kutumia polinomia juu ya mifumo ya namba yenye idadi maalumu, ili ujumbe uweze kusomeka hata pale sehemu yake inapoharibika. Mbinu hiyo ndiyo inayotumika katika msimbo wa QR ambao mwananchi huusoma kwa kamera ya simu anapolipa bidhaa au kuhakiki stakabadhi. Msimbo uliotengenezwa kwa kiwango cha juu kabisa cha ulinzi huweza kusomeka hata kama takriban asilimia 30 ya data zake zimechafuka au kuchanika.

Aidha, mwaka 1965 Bruno Buchberger wa Austria, akiwa mwanafunzi wa uzamivu, alibuni hatua za kutatua mifumo ya milinganyo ya polinomia kwa kompyuta. Aliuita msingi wa mbinu hiyo kwa jina la msimamizi wake, Wolfgang Gröbner. Leo mbinu hiyo hutumika kupanga miondoko ya mikono ya roboti, kuchunguza usalama wa mifumo ya usimbaji wa siri na kuchambua miundo ya takwimu.

Aina za mikutano

Anayetafuta nafasi hana budi kwanza kutambua tofauti baina ya mikutano, kwa kuwa kila aina ina walengwa wake.

Shule ya utafiti huchukua wiki moja hadi tatu. Hufundishwa kwa mfululizo wa mihadhara asubuhi na mazoezi mchana. Hulenga wanafunzi wa uzamili na uzamivu pamoja na wahadhiri vijana, na mshiriki hatakiwi kuwa na matokeo mapya ya utafiti. Kwa anayeanza, huu ndio mlango unaofaa zaidi.

Warsha huwa na watu wachache, kwa kawaida kati ya 20 na 50, na hulenga mada moja mahususi. Baadhi ya warsha ni za mwaliko pekee. Nyingine hupokea maombi. Zipo pia warsha ambamo washiriki hugawanywa katika vikundi vidogo vya utafiti, kila kimoja kikiongozwa na mtafiti mzoefu, na kuondoka na kazi ya pamoja inayoendelea baada ya mkutano. Mfano ni warsha ya wanawake katika aljebra ya mbadilishano iliyofanyika Banff, Kanada, mwaka 2019.

Kongamano hukusanya watu wengi zaidi na huwa na mada kuu zinazotolewa kwa wote, pamoja na mawasilisho mafupi yanayofanyika sambamba katika vyumba mbalimbali. Mshiriki huwasilisha ikisiri ya kazi yake ili ikubaliwe kusomwa au kuonyeshwa kwa bango.

Programu ya muhula mzima ni aina ya nne. Kituo cha utafiti huwaalika watafiti kukaa miezi kadhaa wakishughulikia fani moja. Kituo cha Berkeley, Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama SLMath, kiliandaa programu ya namna hiyo ya aljebra ya mbadilishano kuanzia Januari hadi Mei 2024. Programu hizo kwa kawaida hufunguliwa kwa warsha ya utangulizi, na warsha hiyo huwa wazi kwa watafiti vijana wasioweza kukaa muhula mzima.

Vituo na mikutano ya kufuatilia

Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia cha Abdus Salam (ICTP) kipo Trieste, Italia. Kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, kwa lengo la kuwawezesha wanasayansi wa nchi zinazoendelea kufanya utafiti bila kulazimika kuzihama nchi zao moja kwa moja. Kituo kina idara ya hisabati, na mwaka 2004 kilikuwa mwenyeji wa shule ya aljebra ya mbadilishano na mahusiano yake na jiometri na kombinatoriki. Shughuli zake hazina ada ya usajili, na huwa na fungu la kugharimia safari na malazi ya baadhi ya washiriki kutoka nchi zinazoendelea. Kalenda ya kituo hicho hutolewa mapema, na kila shughuli huwa na tarehe yake ya mwisho ya maombi. Vilevile kituo hutoa stashahada ya mwaka mmoja kwa vijana wanaojiandaa kwa masomo ya uzamivu.

Kituo cha CIMPA, kilichoanzishwa Nice, Ufaransa, mwaka 1978, huandaa shule za utafiti katika nchi zinazoendelea zenyewe. Kila shule huwa na waratibu wawili, mmoja kutoka nchi mwenyeji na mwingine kutoka nje. Utaratibu huu una maana kubwa kwa vyuo vya Afrika Mashariki: idara ya hisabati haihitaji kusubiri kualikwa, bali inaweza kupendekeza shule ifanyike katika chuo chake. Kwa njia hiyo, badala ya mhadhiri mmoja kusafiri, wanafunzi wengi hupata mafunzo hayo bila kutoka nchini.

Barani Ulaya, kituo cha Oberwolfach kilichopo katika Msitu Mweusi nchini Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1944, huandaa warsha za wiki moja zinazohudhuriwa kwa mwaliko. Mezani, washiriki hawachagui pa kukaa. Nafasi hupangwa upya kwa kubahatisha, ili profesa na mwanafunzi wajikute wakila pamoja. Alasiri ya Jumatano huachwa kwa matembezi msituni. Utaratibu huo umewekwa kwa makusudi, kwani mazungumzo ya njiani huzaa mawazo sawa na yale ya ukumbini. Vituo vinavyofanana nacho ni CIRM cha Luminy, karibu na Marseille, Ufaransa, kilichoanza mwaka 1981, na BIRS cha Banff, Kanada, kilichoanza mwaka 2003.

Kwa wanaopenda kompyuta, zipo warsha za programu ya Macaulay2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1993 na Daniel Grayson na Michael Stillman. Washiriki huandika vifurushi vipya vya programu kwa vikundi, na wapya hufundishwa na wazoefu. Programu hiyo hupatikana bure, sawa na ile ya Singular iliyotengenezwa Kaiserslautern, Ujerumani, na CoCoA ya Genoa, Italia. Mwanafunzi anaweza kujifunza kuitumia katika kompyuta ya kawaida miezi kadhaa kabla ya kuomba, na maombi yanayoonyesha hivyo hupewa uzito.

Mkusanyiko mkubwa kuliko yote ni Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati, linalofanyika kila baada ya miaka minne chini ya Umoja wa Kimataifa wa Hisabati. La kwanza lilifanyika Zürich, Uswisi, mwaka 1897. Kongamano la mwaka 2026 limepangwa kufanyika Philadelphia, Marekani, kuanzia tarehe 23 hadi 30 Julai, umbali mfupi kutoka mahali alipozikwa Emmy Noether. Katika makongamano hayo, aljebra huwa na kitengo chake cha mihadhara, na mikutano midogo ya fani mojamoja hufanyika katika miji ya jirani kabla au baada yake. Hadi sasa, kongamano hilo halijawahi kufanyika katika bara la Afrika.

Fursa zilizo karibu

Si lazima mtafiti aanzie ng'ambo. Umoja wa Hisabati wa Afrika uliundwa mwaka 1976 mjini Rabat, Moroko, katika kongamano la kwanza la wanahisabati wa bara hili. Kongamano la tatu la umoja huo lilifanyika Nairobi, Kenya, mwaka 1991. Jumuiya ya Sayansi za Hisabati ya Kusini mwa Afrika (SAMSA), iliyoanzishwa mwaka 1981, nayo huwa na kongamano la kila mwaka linalopokea mawasilisho ya wanafunzi.

Katika ukanda huu, Programu ya Hisabati ya Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (EAUMP) ilianzishwa mwaka 2002 kwa msaada wa Sweden kupitia Programu ya Kimataifa ya Sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala. Imeviunganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Makerere, Nairobi, Rwanda na Zambia katika mafunzo ya uzamili na uzamivu na katika shule za pamoja za majira ya likizo. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Kampala, shule hizo zina faida iliyo dhahiri: safari inaweza kufanyika kwa basi, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji viza.

Kigali nako kumekuwa kitovu. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati (AIMS), iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003, ilifungua kituo chake mjini humo mwaka 2016. Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Rwanda na ICTP vilianzisha Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi. Kwa upande wa Zanzibar, Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua kampasi mwaka 2023, ambayo ni ya kwanza kwa taasisi za jina hilo nje ya India. India ni miongoni mwa nchi zenye historia ndefu katika aljebra ya mbadilishano, na ujirani huo mpya unaweza kutumiwa na vyuo vya Tanzania kuwaalika wahadhiri wa fani hiyo.

Semina kwa njia ya mtandao

Tangu mwaka 2020, semina nyingi za fani hii zimehamia mtandaoni na zimebaki huko. Kongamano la Kimataifa la mwaka 2022, lililokuwa lifanyike Urusi, liliishia kufanyika kwa njia ya mtandao, na yeyote aliyekuwa na intaneti aliweza kufuatilia mihadhara yake. Taasisi ya Teknolojia ya India ya Bombay iliendesha mfululizo wa semina za aljebra ya mbadilishano uliowavutia wasikilizaji wa mabara yote.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, semina za India zina saa nzuri, kwani India imetangulia kwa saa mbili na nusu tu. Mhadhara unaoanza saa kumi na mbili na nusu jioni mjini Mumbai husikilizwa Dar es Salaam saa kumi alasiri. Kwa semina za Marekani, hali ni tofauti. Nyingi huangukia usiku. Vituo vingi huhifadhi video za mihadhara, hivyo idara inaweza kuzipakua na kuzionyesha darasani wakati unaofaa, jambo linalopunguza gharama ya vifurushi vya data kwa mwanafunzi mmojammoja.

Namna ya kuandaa maombi

Maombi mengi huhitaji nyaraka nne: wasifu, barua ya maelezo binafsi, orodha ya masomo na matokeo, na barua moja au mbili za mapendekezo. Kwa anayetaka kuwasilisha kazi, huongezwa ikisiri.

Barua ya maelezo binafsi ndiyo inayoangusha waombaji wengi. Kamati haitafuti sifa za jumla kama vile kupenda hisabati tangu utotoni. Hutafuta majibu ya maswali matatu: mwombaji amesoma nini kinachomwezesha kufuata mihadhara; anashughulikia swali gani la utafiti; na atayafanyia nini mafunzo hayo akirejea. Anayeweza kutaja sura alizozisoma katika vitabu vya msingi, kama kile cha Atiyah na Macdonald cha mwaka 1969, pamoja na mazoezi aliyoyafanya, hueleweka haraka kuliko anayetaja majina ya fani peke yake.

Barua ya mapendekezo iombwe mapema, walau wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Mwombaji ampelekee anayempendekeza tangazo la mkutano na rasimu ya barua yake ya maelezo, ili barua hizo mbili zisipingane. Aidha, ombi la ufadhili lijazwe pamoja na ombi la kushiriki. Fungu la safari hugawanywa mara moja, na anayeomba baada ya kukubaliwa hukuta limekwisha.

Kwa wasiopata ufadhili wa waandaaji, Umoja wa Kimataifa wa Hisabati una Tume ya Nchi Zinazoendelea inayotoa ruzuku za safari na za ziara za utafiti. Tume hiyo pia hupeleka wahadhiri wa kujitolea kufundisha masomo ya wiki chache katika vyuo vinavyoomba.

Kibali cha safari na viza

Mtumishi wa umma anayesafiri nje ya nchi kikazi hupaswa kupata kibali kwa utaratibu uliowekwa na Serikali yake, hata pale gharama zote zinapobebwa na mwenyeji. Ombi la kibali huambatanishwa na barua ya mwaliko inayoonyesha tarehe, mahali na nani anayegharimia. Kwa sababu hiyo, mshiriki amwombe mwandaaji barua rasmi mara tu anapokubaliwa, bila kusubiri tiketi.

Maombi ya viza ya nchi za Schengen, zikiwemo Italia, Ufaransa na Ujerumani, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Huhitajika bima ya afya ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Kwa Marekani, masharti ya kuingia kwa raia wa baadhi ya nchi za Afrika yamekuwa yakibadilika, hivyo anayekusudia kwenda Philadelphia ahakikishe hali ilivyo kwa ubalozi kabla ya kulipia chochote.

Tahadhari dhidi ya mikutano ya kitapeli

Sambamba na mikutano halali, ipo inayoandaliwa kwa lengo la kukusanya ada tu. Barua zake huja zenyewe, zikimsifu mpokeaji kwa kazi ambayo mwandishi wa barua hajaisoma. Dalili zake zinafahamika: mkutano mmoja unaojumuisha hisabati, tiba, kilimo na biashara, kamati ya kisayansi isiyotajwa, au inayowataja watu wasio na habari, ikisiri inayokubaliwa ndani ya siku moja, na shinikizo la kulipa ada upesi ili kuhifadhi nafasi.

Njia ya kujihakikishia ni nyepesi. Mwombaji aangalie kama wazungumzaji waliotangazwa wameuandika mkutano huo katika kurasa zao za chuo, kama upo katika kalenda za vyama vya hisabati vinavyojulikana, na kama mwenyeji ni chuo au kituo cha utafiti badala ya hoteli peke yake. Akibaki na shaka, amwandikie mmoja wa wazungumzaji amuulize. Wanahisabati wengi hujibu.

Baada ya kurejea

Faida ya mkutano hupimwa kwa kile kinachoendelea baada yake. Mshiriki aliyerejea anaweza kutoa mhadhara mmoja kwa idara, kuweka maandishi ya mihadhara katika maktaba ya chuo, na kuwaelekeza wenzake kwenye tangazo la mwaka unaofuata. Vyama vya kitaaluma, kikiwemo Chama cha Hisabati Tanzania (CHAHITA), ambacho huadhimisha Siku ya Pi kila tarehe 14 Machi, ni jukwaa jingine la kuyafikisha aliyojifunza kwa walimu wa sekondari.

Walimu hao hawana sababu ya kujiona wageni katika mambo haya. Macaulay alikuwa mwalimu wa shule, na jina lake leo hutamkwa katika kila ukumbi ambamo fani hii inajadiliwa. Kwa vyuo vya ukanda huu, hatua ya kwanza ni ndogo na haina gharama: kila idara ya hisabati imteue mtu mmoja wa kufuatilia kalenda za mikutano na kubandika matangazo mapema, ili tarehe ya mwisho isimkute mwanafunzi akiwa bado hajasikia habari.